Gunia la Sukuma: Usivute Mkebe Wote

Karibuni, watazamaji wangu. Leo tunapanda sukuma wiki kwenye gunia, hapa uani kwangu Umoja, Nairobi. Miche naiuza mimi mwenyewe, shilingi 5 mmoja, kwa hivyo mkinisikia naisifu mjue mfanyabiashara anasema. Ukiwa na miche yako, tumia yako.

Gunia ni la kilo 90, la nailoni, lile la mahindi. Yaliyotumika yako tele kwenye masoko ya Gikomba na Marikiti. Kabla hujalipa liinue juani ulichungulie ndani: ukiona nyuzi zimekatika na mwanga unapenya, rudisha. Kunja mdomo hivi, mara mbili, lisimame lenyewe. Kijana wa kamera, usinipige mimi, piga gunia.

Udongo. Huku Eastlands tunakanyaga udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kukuvua kiatu mvua ikinyesha. Ndani ya gunia haufai. Ukikauka unajikunja, unaachana na gunia, maji yanateremkia pembeni na mizizi inabaki na kiu. Mimi nimeagiza mwekundu, umekuja na mkokoteni. Ukiuchukua penye mjengo uangalie kwanza; ukiona vumbi la kijivu na vipande vya simiti, achana nao. Madebe mawili ya udongo, debe moja la mbolea ya ng'ombe iliyoiva. Iliyoiva ni ile ukiitia mkono haina joto na hainuki. Mbichi itaunguza mizizi. Ya kuku ni kali, punguza nusu. Kuchanganya sitawaonyesha, kila mtu anajua kushika sepetu. Chini tangulizeni udongo wa kimo cha shibiri moja.

Sasa njoo karibu. Karibu zaidi. Huu ni mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, umekatwa kitako ukabaki bomba. Fundi wa Kamukunji alinikunjia ukingo usinikate vidole. Unausimamisha katikati ya gunia. Ndani ya mkebe, kokoto hadi mdomoni. Nje ya mkebe, udongo, mpaka ukaribie ukingo. Udongo huo ushindilie kwa ngumi kuzunguka pande zote. Umeshindilia? Ndipo unavuta mkebe juu, lakini usiutoe wote. Robo yake ibaki imezama kwenye mawe. Narudia: robo ibaki. Halafu unajaza kokoto tena, udongo tena, unashindilia, unavuta, robo inabaki, hivyo hivyo mpaka juu.

Nawaambia kwa nini. Hizo kokoto ndiyo njia ya maji kutoka juu mpaka chini. Ukiung'oa mkebe wote, mawe yanamwagika kando, udongo unaanguka katikati na njia inaziba. Na kwa nje huoni kitu! Gunia limesimama vizuri, unapanda, unamwagilia, unapiga picha unawatumia watu wa kwenu. Baada ya wiki kadhaa miche ya juu imenawiri, ya chini imelala kama matambara. Hapo dawa ni kumwaga gunia zima uanze upya.

Nimeandika safu ya bustani gazetini miaka mingi, na hili ndilo swali lililonifuata kuliko yote: mbona sukuma za chini zinakauka? Nilikuwa naeleza mkebe kwa aya nzima. Mhariri alikuwa akiona sentensi mbili zinazofanana anafyeka moja, na ile anayofyeka ndiyo msomaji angeihitaji. Nafasi yangu ilikuwa ndogo, chini yake tangazo la magodoro. Inatoka "vuta mkebe taratibu", basi, tunahamia maua. Huku kwenye video hakuna mhariri. Robo ibaki!

Aa, mnaona? Umekwama. Kijana, usizime, waache waone. Kuna jiwe limebana ukingoni. Sasa mkono unataka kuutikisa kushoto kulia. Usiutikise, utabomoa ukuta wa udongo uliokwisha kushindilia. Shika mdomo kwa mikono miwili, uzungushe kidogo huku, kidogo huku, bila kuvuta. Sikia hiyo sauti ya mawe. Limeachia. Sasa vuta. Na kokoto zako zisiwe kubwa kuliko yai, ndogo kuliko hilo ndizo nzuri.

Ngoja. Simu imeanguka? Futa kioo kwa shati, si kwa huo mkono wenye mbolea.

Haya, tunaendelea. Mmekosa mkebe mmoja, ulikuwa sawasawa na wa kwanza. Gunia limejaa, nimeacha kiganja kimoja juu maji yasimwagike nje. Hapa juu ndipo mkebe unatoka wote, ni hapa tu.

Matundu ya miche, ubavuni mwa gunia. Wembe, si kisu cha jikoni. Kata mstari mmoja mfupi wa vidole viwili, shibiri moja kutoka tundu hadi tundu, na mstari wa chini usilingane na wa juu, upishane nao. Ukikata tundu kubwa, udongo utatoka ukimwagilia mara ya kwanza. Gunia hili litabeba miche karibu 30, na juu minne au mitano. Msiwe walafi.

Mche mzuri una wiki nne hadi sita kitaluni, shina la unene wa penseli nyembamba, majani manne halisi. Mrefu mwembamba uliokimbilia mwanga msinunue, hata kama ni wangu. Toboa kwa kidole ukielekeza chini, ingiza mizizi, na hapa tazameni mkono wangu: mzizi unaangalia chini. Ukiusukuma ukajikunja kuelekea juu, mche utakaa mwezi mzima ukikutazama tu. Bana udongo, nenda mwingine. Fanya jioni, usiku uupoze.

Miche ile ya juu ina adui wake, sota, kiwavi mnene wa kijivu anayekata mche shingoni usiku na kuuacha hapo hapo bila hata kuula. Zungushia shina kipande cha gazeti, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Gazeti lenye safu yangu linafaa kabisa.

Maji ni robo debe asubuhi, katikati kwenye mawe, polepole. Wiki ya kwanza nyunyizia na pembeni. Mgao wa maji tunaujua sote, kwa hivyo maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage, lete hapa. Ya sabuni ya unga hapana. Ya mtaro hapana kabisa, hata kama yanapita mlangoni. Si tunakimbia sukuma za maji taka ndiyo maana tunapanda zetu?

Wa ghorofani, mnisikilize. Gunia hili likilowa linapita kilo 100. Usiliweke kwenye balkoni. Chukua magunia madogo ya unga, mkebe mdogo, kazi ni ile ile. Na mwulize landilodi kwanza. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, lakini ukuta wa nyumba ni wa mwenyewe.

Lingine ni majira. Nilipoanza kuandika, vitabu tulivyokuwa navyo na pakiti nyingi za mbegu zilizoagizwa zilisema panda majira ya kuchipua. Kuchipua gani Nairobi? Sisi tuna mvua ndefu Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba, na katikati, Juni hadi Agosti, ile baridi ya mawingu ambayo sukuma inakua kwa kusuasua. Nunua daftari. Andika siku uliyopanda, mvua iliyonyesha, mdudu uliyemwona na upande gani wa gunia unapata jua. Ukiniuliza kazi ya kuandika bustani inaanzaje, inaanza hapo, maana nusu ya kazi ni kujibu maswali, na jibu la mtu wa Umoja na la mtu wa Karen si moja. Wa Karen ana udongo mwekundu na kivuli cha miti, wewe wa Umoja una ukuta wa mawe unaorusha joto mpaka saa mbili usiku.

Huo upande wenye kivuli mimi naweka managu, yaani mnavu, na juu pembeni dania. Spinachi siitaki kwenye gunia, inakunywa maji kama ng'ombe. Jirani yangu anaipanda na tunaelewana hivyo hivyo.

Mwezi mmoja na nusu hadi miwili baada ya kupandikiza, anza kuvuna. Majani ya chini kwanza, uyavunje kwa kuyasukuma chini, usiyavute, utang'oa mche. Kichwa na majani manne au matano ya juu usiyaguse. Jani moja la chini likigeuka manjano ni uzee, litoe. Mche wote ukipauka una njaa: loweka mbolea kwenye ndoo siku kadhaa, chuja, zimua kwa maji, mimina kwenye mawe. Na majani yakikunjamana, geuza uangalie chini yake. Ukikuta vidukari, wale wadogo wa kijivu wamebanana, wapanguse kwa kidole na maji wakiwa bado wachache. Usikimbilie dawa ya duka kwenye mboga utakayokula kesho.

Jua litalichana gunia siku moja. Likichanika, mwaga udongo, changanya na mbolea mpya, osha kokoto, tafuta gunia lingine. Mkebe ni ule ule. Haya kijana, zima, nikanawe mikono. Kitalu cha managu tutakifanya mvua ikianza.