Kazi Anayopewa Mtu Ndiyo Shule Yake

Mwenyekiti, wakuu wa idara, na ninyi wenzangu wa rasilimali watu, asanteni kwa kunikaribisha.

Siku hizi kwenye usaili kuna swali tunalokutana nalo mara kwa mara. Tukishamaliza kumhoji mwombaji tunamwambia, "Nawe una swali lolote kwetu?" Zamani wengi walijibu hapana, au waliuliza mshahara na tarehe ya kuanza. Leo kijana anauliza bila kigugumizi: "Nikifanya kazi hapa miaka miwili, nitakuwa nimejifunza nini?" Nimewaona wanajopo wakikunja uso. Wanasema huyu hajaingia, ameshaanza kuwaza kutoka. Mimi naona ni swali la haki kabisa, na leo nataka tulijibu kwa dhati, kwa sababu naamini wengi wetu hatuna jibu.

Tukumbuke lilikotoka. Kwa muda mrefu katika sekta nyingi kulikuwa na mapatano yasiyoandikwa: mwajiriwa alitoa utii na uvumilivu, mwajiri alitoa ajira ya kudumu, vyeo kwa zamu, na pensheni mwishoni. Upande uliotangulia kuyaacha mapatano hayo ni wetu sisi waajiri. Tumeleta mikataba ya mwaka mmoja, tumehamishia kazi kwa wakandarasi, na bajeti ikibana tunapunguza watu. Aliyemwona mzazi wake akipewa barua ya kupunguzwa kazi baada ya utumishi mrefu ana kila sababu ya kuuliza ataondoka na nini. Kama hatuwezi kumwahidi kwamba atabaki, basi tunachoweza kumpa zaidi ya mshahara ni uwezo ambao hakuna atakayemnyang'anya.

Hapo ndipo tunapokimbilia semina. Mfanyakazi akilalamika kwamba hakui, tunamtafutia kozi. Mtaniwia radhi wenzangu mnaosimamia mafunzo, lakini nadhani tunatafuta pasipo. Sehemu kubwa ya anachojifunza mtu kazini inaamuliwa na jambo ambalo halipiti hata mezani kwetu: nani amepewa kazi gani. Uamuzi huo msimamizi anaufanya asubuhi, amesimama, bila fomu wala kikao. "Hii mpe fulani, yeye anaijua." Na fulani anazidi kuijua, huku wa pembeni yake akibaki vilevile mwaka hadi mwaka.

Niwape mfano wa karani mmoja wa mishahara katika ofisi niliyowahi kufanya kazi. Faili lake lilikuwa nene: cheti cha programu ya uhasibu, cheti cha huduma kwa wateja, cheti cha uongozi. Kazi yake ilikuwa ileile kila mwezi: kuingiza saa za ziada, likizo bila malipo na makato ya mikopo, kisha kumpelekea mhasibu. Kulinganisha orodha ya mishahara na taarifa ya benki, kutafuta kwa nini jumla hazikubaliani na kuandika maelezo ya tofauti, hayo yote aliyafanya mhasibu peke yake. Mhasibu akaugua wakati wa kufunga mwezi. Karani akaketi mbele ya jumla mbili zisizolingana, asijue aanzie wapi. Ilipokuja kugundulika, tofauti ilitokana na mtumishi aliyeacha kazi katikati ya mwezi lakini jina lake likabaki kwenye orodha. Na menejimenti ikaamua nini? Karani apelekwe mafunzo. Ilhali alichohitaji ni mtu wa kuketi naye mara moja tu, wapange majina ya kwenye orodha ya mishahara na ya kwenye taarifa ya benki sambamba, wateremke mstari kwa mstari mpaka waone ni wapi panapoachana.

Jambo hili lina mizizi. Mwaka 1911 mhandisi wa Marekani, Frederick Taylor, alichapisha kanuni zake za usimamizi wa kisayansi. Kufikiri na kupanga kukawa kazi ya ofisi ya usimamizi. Mfanyakazi atekeleze kama alivyoelekezwa, kwa njia moja iliyoonekana bora, kwa muda uliopimwa. Uzalishaji uliongezeka, sikatai. Lakini aliyegawiwa kipande cha kazi alibaki na kipande hichohicho. Chukueni maelezo ya majukumu ya mtumishi yeyote wa ngazi ya chini katika taasisi zenu, muone kama wazo hilo limetoka.

Linganisheni na uanagenzi. Mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, akaangalia wanagenzi wanavyofunzwa. Hawakuanza na kukata kitambaa, ingawa nguo huanzia hapo. Walianza mwishoni: kutia vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi nguo iliyokwisha. Baadaye wakashona, na kukata kukaja mwisho kabisa. Fikirini busara iliyomo. Ukikosea kifungo unakifumua. Ukikosea kukata, kitambaa kimekwenda. Tena anayeanza na nguo iliyokamilika anaijua nguo nzima kabla hajagusa mkasi. Kila kazi aliyopewa ilimwandaa kwa inayofuata. Huo ni mtaala, na haukuhitaji ukumbi wala projekta. Nataka wasimamizi wetu wagawe kazi kwa akili ya namna hiyo.

Sisemi kozi zifutwe. Kuna mambo ya sheria, usalama na mitambo mipya ambayo lazima yafundishwe darasani. Ila tuzipime kwa ukweli. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa tathmini ya mafunzo, alipendekeza tangu 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa hatua nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na taasisi imepata nini. Wengi wetu tunaishia hatua ya kwanza. Tunagawa karatasi saa kumi jioni watu wakiwa wameshika mikoba, wanaandika "mafunzo yalikuwa mazuri sana", tunaambatisha kwenye ripoti. Miezi mitatu baadaye hakuna anayekwenda kuangalia kama mtu huyo amepewa nafasi ya kufanya alichofunzwa. Mara nyingi hajapewa.

Sasa nije kwenye mtazamo mgumu zaidi kubadilika. Wako wakongwe wanaoficha kazi. Wanaitwa wachoyo, lakini tusikilize hofu yao: "Akishajua kila mtu, mimi nitabaki na nini?" Mtu aliyeshuhudia wenzake wakipunguzwa anajua kwamba anachokijua peke yake ndicho kinachomlinda. Kumhubiria ushirikiano hakutasaidia. Atafundisha pale kufundisha kutakapokuwa sehemu ya cheo chake: kuandikwe kwenye majukumu, kupimwe kwenye tathmini, kuhesabiwe anapoomba kupandishwa.

Na kuna hofu ya kukosea. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani wa utendaji wa timu kazini, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta timu zenye uhusiano mzuri na kiongozi ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wao hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalifichwa. Jiulizeni kwenye idara zenu: mfanyakazi akigundua ametuma takwimu isiyo sahihi, anakwenda mlango gani kwanza? Kama anasubiri aone iwapo kuna atakayegundua, idara hiyo haijifunzi, hata ikipewa bajeti ya mafunzo maradufu.

Msimamizi naye asikwepe kusema ukweli. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimesoma tathmini nyingi zilizojazwa "mzuri, aendelee hivyo hivyo" na wasimamizi ambao mwaka mzima walikuwa wakirekebisha barua za mtu huyo kimyakimya, usiku, bila kumwonyesha hata sentensi moja. Huko ni kumnyima.

Tufanye nini basi? Ninayo mapendekezo yasiyohitaji fedha nyingi. Kila msimamizi aandike kazi za kitengo chake ambazo anayeziweza ni mtu mmoja tu. Karatasi hiyo itamshtua, na ndiyo mpango wake wa mafunzo wa mwaka. Kukaimu kuwe kukaimu kweli: anayeshika nafasi ya bosi aliye likizo apewe uamuzi wenye mipaka inayojulikana, asiwe mtu wa kupokea simu na kusema "subirini arudi". Na kwenye fomu ya tathmini, kabla ya kumuuliza mfanyakazi malengo yake, tumuulize msimamizi: mwaka huu umempa kazi gani ambayo hakuwa akiiweza, na ulimsaidiaje?

Lakini naomba hili lisikike vizuri, hasa kwa wakuu wa idara. Kujifunza kusigeuzwe kisingizio cha kumbebesha mtu kazi ya watu wawili kwa mshahara mmoja. Nimesikia ikisemwa, "Tumempa fursa ya kukua," kumbe kuna nafasi iliyoachwa wazi ili kubana matumizi. Jukumu jipya liwe na muda wake. Muda ukiisha, ama mtu arudi kwenye kazi yake, ama cheo na malipo vifuate. Vijana wanaotuuliza swali lile kwenye usaili wanaijua tofauti hiyo haraka kuliko tunavyodhani, na wanaambiana.

Mwenyekiti, naomba niishie hapo ili tupate muda wa maswali. Ningefurahi tukianza na wasimamizi walioko huku nyuma, kwa sababu mengi niliyoyasema yako mikononi mwao kuliko mwetu.