Poke ya Honolulu: Jodari, Mwani na Majimbi

Assalamu alaikum jamani, na karibuni nyote mnaonitazama kutoka Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, Maskat, kokote mliko. Leo nipo Honolulu, kisiwa cha Oahu, Hawaii, nimekaa kwenye benchi nje ya supamaketi na bakuli langu mkononi. Ngojeni nilisogeze kwenye kamera. Mnauona huu wekundu? Ni jodari. Mbichi. Mama, najua unatazama, usizime simu, nisikilize kwanza.

Hii ndiyo poke, samaki mbichi aliyekatwa vipande akatiwa viungo, na jina linatamkwa vile vile linavyoandikwa. Wengi mmeiona Dubai au London, bakuli limepangwa embe, mahindi, parachichi, na mayonezi imemiminwa juu, samaki mwenyewe humuoni mpaka umtafute. Sisemi ni chakula kibaya. Ila nataka mjue wenyewe wanailaje, maana tofauti ni kubwa, na ukishaila ya hapa huwezi tena kuitazama ile kwa jicho lile lile.

Hapa poke inauzwa humo humo wanamouza samaki. Unaingia supamaketi, unakwenda kwenye kabati la kioo lenye baridi, ndani trei zimepangana: jodari wa soya sosi na mafuta ya ufuta, jodari wa chumvi na mwani, jodari wa pilipili, pweza, kaa. Unapimiwa kwa ratili. Ukitaka unakula vivyo hivyo, ukitaka unawekewa juu ya wali wa moto. Muuzaji akiona unasitasita anakupa kipande uonje. Mie huuliza kila kilichotiwa ndani, kwa sababu kuna sosi za Kijapani zinazotiwa pombe, na sijapata kuonyeshwa uso mbaya kwa kuuliza.

Samaki wenyewe wengi wanapitia mnadani. Ndiyo, mnada, kama Malindi kwetu Unguja! Wa hapa uko bandarini, gati namba 38, na ulianza mwaka 1952. Mashua zinakaa baharini wiki kadhaa, samaki wakilazwa kwenye barafu tangu wanapotolewa majini. Wakishushwa usiku, kila samaki mkubwa anauzwa peke yake. Anakatwa kidogo karibu na mkia ili mnunuzi aitazame nyama: rangi yake, mafuta yake, uwazi wake. Hapo ndipo inapoamuliwa nani ataliwa mbichi na nani atakwenda kupikwa.

Na hili nalisema kwa uzito. Usitazame video hii ukaenda kununua jodari aliyekaa juani tangu asubuhi ukamla mbichi. Jodari asipowekwa kwenye baridi anafanya sumu ambayo hata moto hauiondoi. Ndiyo ile inayowafanya watu wawe wekundu usoni na kuumwa kichwa baada ya kula. Na samaki wa maji baridi, sato, sangara, hao msiwale wabichi kabisa, wana minyoo.

Haya, turudi kwenye bakuli. Wahawaii wa zamani walikata samaki wa mwambani, wakamtia chumvi ya bahari, mwani, na mbegu za mti wa kukui zilizochomwa zikapondwa. Mbegu hizo zina mafuta mengi hata walikuwa wakiziwasha kama taa. Basi, ndiyo poke hiyo, imekwisha. Soya sosi na ufuta vimekuja baadaye na watu wa mashamba ya miwa: Wachina, kisha Wajapani walioletwa kwa mikataba kuanzia 1885. Wareno, Wakorea na Wafilipino nao wakaongeza vyakula vyao. Jodari wa bahari kuu ndio amekuwa mfalme wa trei katika miaka ya 1970 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpishi Sam Choy akaanzisha mashindano ya poke, na jina likatoka visiwani.

Lakini mie leo nataka tukae kwenye mwani. Tazameni, huu hapa, mwekundu mwekundu, ukiutafuna unalia kwenye meno, kisha bahari yote inakujia mdomoni. Wao wanauita limu, na wana aina nyingi, kila moja na samaki wake. Waliokuwa wakiukusanya zaidi ni wanawake. Zamani mwiko wa dini yao ulimkataza mwanamke kula nyama ya nguruwe, nazi na ndizi nyingi, tena asile pamoja na wanaume. Mwani haukukatazwa, wakawa ndio mabingwa wake. Mwaka 1819 Mfalme Liholiho akaketi kula na wanawake hadharani, na mwiko ukavunjika, lakini ujuzi wa mwani ukabaki kwa akina mama. Bi Isabella Abbott, aliyezaliwa Hana, kisiwa cha Maui, alifundishwa mwani na mama yake tangu mdogo. Mwaka 1950 akawa mwanamke wa kwanza wa asili ya Hawaii kupata shahada ya udaktari wa sayansi, na somo lake lilikuwa mwani huo huo. Mie nilipoyasoma hayo nilifurahi sana, wallahi.

Kwa sababu kwetu nani yumo majini maji yakitoka? Wanawake wa Paje, Jambiani, Bwejuu. Tangu 1989 wanalima mwani, wanauanika, unauzwa nje kwa bei ndogo ukatiwe kwenye dawa za meno na vipodozi. Aina zetu si hizi za kwenye bakuli, nalijua hilo. Hata hivyo inaniuma kuona hapa mwani una heshima ya chakula cha mezani, na kwetu anayeulima haufikirii kuwa kitoweo. Wapo wanaotengeneza sabuni na juisi ya mwani sasa, nawapongeza kwa moyo wote. Nataka tufike na kwenye sahani.

Kitu kingine kitakachowashangaza ni majimbi. Nduma, kwa ndugu zetu wa Kenya. Wahawaii wanayachemsha, wanayaponda na maji mpaka yawe poi, nzito, rangi ya zambarau. Ikiwa ya leo leo ina utamu wa mbali. Ikikaa siku mbili tatu inachacha, na wenyeji wengi ndivyo wanavyoipenda, ukila na samaki wa chumvi. Kwao jimbi ni kaka. Masimulizi yao yanasema mtoto wa kwanza wa Wakea na Hoohokukalani alizaliwa mfu, akazikwa, na pale alipozikwa pakaota jimbi. Mtoto wa pili, Haloa, ndiye babu wa Wahawaii. Ndiyo maana mzee mmoja aliniambia bakuli la poi likiwa wazi mezani watu wasigombane. Na majani yake wanafungia nyama au samaki, inaitwa laulau, inapikwa kwa mvuke masaa mengi, kwa sababu mnajua wenyewe, majani ya majimbi yasipoiva yanawasha koo. Nyingi huwa ya nguruwe. Mie naagiza ya kuku au ya samaki.

Kuna jambo liliwaumiza sana watu wa hapa. Mwaka 2018 kampuni moja ya poke ya Chicago ilituma barua za wanasheria kwa wafanyabiashara wadogo, baadhi yao Wahawaii wenyewe, ikiwataka waache kutumia maneno “Aloha” na “Poke” pamoja kwenye majina ya maduka yao. Watu waliandamana. Naliunga mkono hilo la kuandamana: chakula ni cha wote kukila, lakini huwezi kumnyang'anya mwenyewe jina la kwake.

Sasa, anayetaka kujaribu nyumbani, nampa njia isiyo na hofu. Tumia pweza. Mchemshe mpaka alainike, apoe kabisa, mkate vipande vidogo. Tia chumvi ya mawe, mafuta kidogo ya ufuta, kitunguu maji na kitunguu majani, pilipili mbuzi. Mahali pa mbegu za kukui ponda korosho za kukaanga. Iweke kwenye friji nusu saa, kisha kula na wali mweupe wa moto, au na majimbi ya kuchemsha.

Dada zangu wa Paje na Jambiani, mwani upi ni laini wa kuliwa, na mnauosha vipi chumvi ipungue? Niandikieni hapo chini, hata kwa ujumbe wa sauti, nitausikiliza wote.