Sindano ya Mgongo kwa Wenye Diski: Picha Inaongoza Nini?

MWANDISHI: Karibu tena, msikilizaji. Daktari, tangu tulipotangaza kwamba leo tutazungumzia sindano za mgongo kwa wenye matatizo ya diski, yaani mito iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, wengi wameuliza jambo moja: je, hii ni sindano ileile anayochomwa mama anapojifungua kwa upasuaji, ile inayolaumiwa mitaani kwa kila kiuno kinachouma?

DAKTARI: Hapana, dada yangu, ingawa ni majirani. Ile ya upasuaji hutoboa utando na kuingia kwenye maji yanayozunguka neva, ili kuondoa hisia kwa saa chache. Hii ya leo huishia nje ya utando huo, katika nafasi nyembamba yenye mafuta na mishipa midogo ya damu, na hubeba steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, mara nyingi pamoja na ganzi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1901, mjini Paris, Sicard na Cathelin, kila mmoja kwa upande wake, walipenyeza kokeini katika nafasi hiyo kupitia tundu lililo karibu na kitokono.

MWANDISHI: Na neva inayolengwa na sindano hii, inauma kwa sababu diski imeibana?

DAKTARI: Kubanwa ni nusu ya habari. Diski ina ukuta mgumu na kiini laini kama ute. Ukuta ukichanika, kiini hujipenyeza nje kikiwa na kemikali zinazouchokoza mzizi wa neva hata pale ambapo mbano wenyewe si mkubwa. Ndipo mtu anapopata maumivu yanayoshuka kama umeme kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi kwenye wayo. Steroidi hutuliza mchokozo huo, lakini hairudishi kiini mahali pake wala haishoni ukuta. Anayesema sindano imemrudishia diski huenda amepona kweli, kwa kuwa vipande vingi vilivyotoka hunywea vyenyewe kadiri miezi inavyopita.

MWANDISHI: Kwa nini basi daktari mzoefu asichome kwa kupapasa tu?

DAKTARI: Kwa sababu vidole havioni ncha ya sindano. Mgonjwa hulala kifudifudi chini ya mashine ya eksirei inayotoa picha papo hapo, au ndani ya siti-skani. Ngozi hutiwa ganzi, kisha sindano husogezwa kidogo kidogo kuelekea kwenye tundu ambalo mzizi wa neva hutokea. Kabla ya dawa, huingizwa rangi inayoonekana kwenye eksirei. Ikiufuata mzizi wa neva kama wino ufuatao mfereji, tuko mahali pake; ikitoweka ghafla, imechukuliwa na damu, maana yake ncha imo ndani ya mshipa, na hapo tunasimama. Hilo si jambo dogo. Steroidi zenye chembechembe zikiingia kwenye ateri inayolisha uti wa mgongo zinaweza kuiziba, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu visa vichache lakini vizito vya kiharusi, upofu, kupooza na hata vifo. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea deksamethasoni, ambayo haina chembe hizo, hasa shingoni.

MWANDISHI: Samahani, Daktari, tuseme ukweli wote. Mtu anayeuza mbuzi ili alipie sindano hii anapata nini?

DAKTARI: Kwa wastani, kidogo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 25 kuhusu maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, yalikuta kwamba katika kipimo cha pointi 100 maumivu ya mguu yalipungua kwa takribani pointi 5 zaidi ya sindano bandia, tena kwa muda mfupi. Mimi huiona kuwa dirisha: mgonjwa ambaye maumivu hayamruhusu kulala wala kufanya mazoezi hupata wiki kadhaa za kuanza. Lakini mwenye maumivu ya kiuno yasiyoshuka mguuni simpeleki huko, hata aje na kipimo cha MRI kinachosema diski imetuna. Diski za namna hiyo huonekana kwa takribani asilimia 30 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa asilimia 84 ya wenye miaka 80.

MWANDISHI: Nani mwingine asubiri?

DAKTARI: Mwenye homa, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo hujificha nyuma ya jina la diski, na kutia steroidi penye maambukizi ni kumwagia moto mafuta. Mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme, wala asiziache kwa uamuzi wake.

MWANDISHI: Na yule ambaye miguu yote miwili imeanza kulegea?

DAKTARI: Huyo, pamoja na aliyeshindwa kukojoa au aliyepata ganzi sehemu za siri, hasubiri sindano wala miadi, aende hospitali usiku huohuo, kwa kuwa neva zake huenda zikahitaji upasuaji wa haraka.