Kabla ya kuuliza damu inasema nini, uliza ilikaa wapi

Mhadhara kwa wahudumu wa afya na wananchi, Arua, Uganda

Asanteni sana. Akina mama mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikizungumzia kiharusi, kwa hiyo leo sitaeleza mshipa unavyoziba au unavyopasuka. Nataka nijibu swali ambalo naulizwa kila ninakokwenda, Nebbi, Koboko, Yumbe: "Daktari, ni kweli siku hizi kuna kipimo cha damu kinachoonyesha nani atapata kiharusi?"

Dalili ndani ya damu zipo. Kipimo cha kumuuzia mwananchi, bado. Na anayekuuzia sasa hivi anachukua pesa yako bure.

Damu imebeba kemikali ndogo ndogo nyingi mno, zinazotokana na mwili kuchakata chakula na kutengeneza nguvu. Wataalamu huziita metaboliti. Sukari ni mojawapo, lakteti ni nyingine. Mwaka 2021 watafiti walitoa matokeo ya watu zaidi ya 38,000 kutoka makundi saba, waliopimwa damu wakiwa wazima kisha wakafuatiliwa miaka kadhaa. Wenye histidini nyingi, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini, walipatwa na kiharusi kwa nadra kuliko wenzao. Wenye piruvati nyingi, inayotokea mwili unapovunja sukari, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Kazi ile ni nzuri na naiheshimu. Lakini tofauti zenyewe zilikuwa ndogo. Zinaonekana ukiwaweka pamoja maelfu ya watu. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako hazitoshi kumwambia lolote la uhakika.

Sasa tuje kwenye kichupa. Wauguzi wananijua kwa hili, na nitalisema tena leo.

Tazameni hiki nilichoshika. Kina kifuniko cha zambarau, na damu iliyomo ilitolewa asubuhi kabla hamjafika. Imesimama hapa mezani na haijazungushwa kwenye mashine ya kutenganisha maji yake na chembe. Mnaona juu kuna maji yenye rangi ya majani makavu? Hiyo ndiyo plazima. Wekundu uliotuama chini ni chembe. Watu wanadhani damu ikishaingia humu imelala. Haijalala! Chembe nyekundu zingali hai, zimefungiwa ndani pamoja na sukari, na zinaila. Katika joto la kawaida la chumba sukari hupungua takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi inapungua haraka zaidi. Lakteti inapanda. Piruvati, ile ile niliyoitaja, inabadilika mapema sana, ndiyo maana maabara makini huichanganya na asidi pale pale mgonjwa anapotolewa damu. Homosisteini nayo, kemikali nyingine ya damuni ambayo imehusishwa na kiharusi kwa miaka mingi, hutoka ndani ya chembe na kumwagikia plazima: ongezeko la kama asilimia 10 kwa saa, usipotenganisha.

Piga hesabu mwenyewe. Damu imetolewa hapa Arua saa tatu asubuhi, ikawekwa dirishani kungojea basi la usiku, ikaingia Kampala kesho yake. Homosisteini itakayosomwa kule ni ya nani? Ya mgonjwa, au ya safari?

Mzee mmoja, polisi mstaafu, alinijia na karatasi ya kliniki fulani. Kipimo kilichofanywa ni hicho hicho, safari ni hiyo hiyo, na "hatari kubwa ya kiharusi" imeandikwa kwa wino mwekundu. Ameuza mbuzi ili alipie. Nikamwuliza, "Mzee wangu, presha yako ni ngapi?" Akasema hajawahi kupimwa. Tukamfunga mkono: 190 kwa 110. Nilikasirika, na mpaka leo nakasirika. Wamemtoa damu, wamemtoa mbuzi, na mkono wake hakuna aliyeufunga!

Najua kuna anayesema moyoni: "Mbona sampuli za Virusi vya UKIMWI zinasafiri? Kijana wa pikipiki anazichukua kwenye vituo vya afya, zinafika maabara kuu ya taifa Kampala, na majibu yanarudi sahihi." Ni kweli, na mtandao ule ni fahari ya Uganda. Ila angalia kinachobebwa. Kwa watoto wachanga ni matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi, na kinachotafutwa ni vinasaba vya kirusi. Vinasaba vikikauka vinatulia wiki nyingi. Piruvati haingoji hata saa moja. Mwingine atasema tutumie kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye floridi, kemikali ya kuzuia chembe zisile sukari. Kinasaidia, lakini floridi huchelewa kufanya kazi. Saa ya kwanza na ya pili sukari inaendelea kushuka. Dawa ni barafu na mashine ya kuzungusha damu palepale inapotolewa, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ambayo haizimiki umeme ukikatika. Nani kati yetu anayo kituoni?

Kwa hiyo siwakatazi vijana wa sayansi. Nawaambia waanzie hapo. Kule Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wanavijiji tangu mwaka 1989, kwa hiyo kufuatilia watu kwa muda mrefu tunakuweza. Tunachohitaji ni damu ya watu wetu iliyotunzwa vizuri kuanzia dakika ya kwanza, maana mlo wetu, malaria yetu na minyoo yetu vyote vinagusa kemikali hizi.

Homosisteini nisiiache nusu. Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2004 liliishusha kwa vitamini, na viharusi havikupungua kwa watu waliokwisha kupata kimoja. Lakini mwaka 2015 China ilitoa matokeo ya watu zaidi ya 20,000 wenye presha: waliopewa dawa ya presha pamoja na asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini hizo, walipata viharusi vichache kuliko waliopewa dawa ya presha peke yake, pungufu ya asilimia 21. Kule China, tofauti na Marekani, unga ulikuwa haujaongezwa foliki. Mnaona basi: foliki ilisaidia kwa watu ambao presha yao tayari ilikuwa inatibiwa.

TMAO, kemikali nyingine ya damuni, naipitia mbio. Bakteria wa tumboni huchakata kolini ya mayai na kanitini ya nyama nyekundu, ini linamalizia kazi ya kuitengeneza, na wenye nyingi damuni wameonekana kupata zaidi shambulio la moyo na kiharusi. Hata hivyo samaki wa baharini wanayo tele, na ukiwala, ndani ya saa chache inaruka juu. Msiache rolex, chapati yetu ya mayai, kwa sababu ya mhadhara huu.

Sista ananionyesha saa. Nilitaka kusema mengi juu ya watoto wenye selimundu, maana kwao kiharusi kinakuja wakiwa wadogo kabisa. Kipimo chao kipo tayari, wala si cha damu: ni mashine ya mawimbi ya sauti inayopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini na matibabu yapo. Mwenye mtoto wa namna hiyo asiondoke bila kuniona.

Meza ya presha iko pale mlangoni, ni bure. Keti kwanza dakika tano, mgongo uegemee kiti, miguu usiipishanishe, mkono ulale mezani, na usiongee mashine inapojaa hewa. Wazee watangulie.