Kabla ya Kubonyeza "Andika": Mipangilio ya Kuprogramu Mikrokontrola na Chipu za Kumbukumbu

Mabibi na mabwana, wanafunzi wetu, na ninyi mafundi mliofunga vibanda mapema ili muwe nasi jioni hii, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mipangilio ambayo mtu huiweka kwenye kompyuta kabla ya kuprogramu mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, au chipu ya kumbukumbu. Wengi huiona kama jambo la kupita haraka ili wafike kwenye kazi yenyewe, ambayo kwao ni msimbo. Mimi nimeletewa chipu nyingi zikisemekana zimekufa, na nikizichunguza naona kwamba chache sana ziliuawa na msimbo mbovu. Zilizobaki ziliharibiwa au kufungwa na mtu aliyechagua jina lisilo lake kwenye orodha, au aliyeweka alama kwenye kisanduku ambacho hakujua maana yake.

Tuanze na jambo moja ambalo ni chanzo cha mengine yote: kifaa cha kuprogramu hakioni. Ukiweka chipu kwenye soketi, kifaa hakijui ni chipu gani mpaka wewe ukiambie. Kwa jina ulilolichagua, kinaamua pini ipi ipate umeme, umeme huo uwe wa volti ngapi, anwani itumwe kwa baiti ngapi na data iandikwe kwa mafungu ya ukubwa gani. Ukikidanganya, kitatekeleza uongo wako kwa uaminifu mkubwa.

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka 2732, ile chipu ya kumbukumbu yenye kidirisha cha kioo mgongoni, iliyokuwa ikifutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Intel waliitengeneza 2732 iandikwe kwa volti 25, kisha wakatoa 2732A, yenye umbo lilelile na pini zilezile, lakini inayoandikwa kwa volti 21. Aliyepuuza herufi A mwishoni mwa jina aliipelekea chipu volti nne zaidi ya kiwango chake, na chipu haikumpa nafasi ya pili.

Msidhani hayo yamepita. Chukueni chipu yenye pini nane inayobeba programu ya kuwashia kompyuta mpakato, kwa mfano W25Q64 ya Winbond, yenye megabaiti 8. Toleo la FV hufanya kazi kati ya volti 2.7 na 3.6, ilhali toleo la FW huhitaji volti 1.65 hadi 1.95 tu. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Bahati nzuri chipu hizi zinaweza kujitaja zenyewe: ukituma amri 9F (namba za aina hii huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambapo A hadi F ni 10 hadi 15), ya kwanza inajibu EF 40 17 na ya pili EF 60 17. EF ni alama ya Winbond, na 17 ya mwisho, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 23, inaeleza ukubwa, kwa maana 2 ikipandishwa hadi kipeo cha 23 inatoa baiti 8,388,608. Hata hivyo, ili ijibu ni lazima kwanza uipe umeme, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa hiyo soma maandishi ya mgongoni kwa lenzi, tafuta waraka wa mtengenezaji, na kama shaka ingalipo anza na volti 1.8. Chipu ya volti 3.3 iliyopewa volti 1.8 haitajibu ipasavyo, lakini pia haitadhurika. Kinyume chake hakina msamaha. Pimeni pia volti kwenye pini za data kwa mita, si kwenye pini ya umeme peke yake, kwa sababu vipo vifaa vya bei nafuu vinavyotoa volti 3.3 kwenye pini ya umeme huku pini za data zikibeba 5.

Mkitumia klipu bila kubandua chipu kwenye bodi, jibu la FF FF FF au 00 00 00 lina maana kwamba klipu haijashika, au bodi nzima inanyonya umeme uliokusudiwa chipu moja. Someni mara mbili, mhifadhi mafaili mawili, myalinganishe baiti kwa baiti. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, msifute kitu.

Ndugu zetu mafundi wa televisheni wanazijua zaidi chipu za kumbukumbu za familia ya 24C. Hapa kosa haliunguzi kitu, na pengine ndiyo maana hudumu muda mrefu bila kugunduliwa. Kuanzia 24C02 hadi 24C16, anwani ya ndani hutumwa kwa baiti moja. Kuanzia 24C32 hutumwa kwa baiti mbili. Tuseme soketini mna 24C16 lakini kwenye orodha umechagua 24C32, kisha ukaagiza kuandika. Kifaa kinatuma baiti mbili za anwani. Chipu inachukua ya kwanza kuwa anwani, na ya pili inaihesabu kuwa data, inaiandika, halafu data yako halisi inafuatia ikiwa imesogea nafasi moja. Umeharibu kumbukumbu pasipo moshi wala harufu, na kama hukuhifadhi nakala, mipangilio ya televisheni ya mteja imekwenda.

Sasa tuingie kwenye mikrokontrola, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo maswali mengi yanapotoka. Nitatumia ATmega328P, ambayo wengi mmeishika kupitia bodi ya Arduino Uno. Mbali na kumbukumbu ya programu, ina baiti tatu za fyuzi. Si fyuzi za kukatika. Ni swichi zinazoamua tabia ya chipu kabla msimbo wako haujaanza kutembea, na kuifuta chipu nzima hakuzigusi. Kikwazo cha kwanza ni kwamba biti ya fyuzi ikiwa 0 ndiyo imewashwa, na ikiwa 1 imezimwa. Programu moja ya kompyuta inakuonyesha kisanduku chenye alama kwa maana ya "imewashwa", nyingine kwa maana ya "biti ni 1". Usiguse kisanduku chochote kabla ya kujua programu yako ni ya kundi lipi.

Kutoka kiwandani, fyuzi ya chini huwa 62, kwa mfumo uleule wa kumi na sita. Iandikeni kwa biti: 0110 0010. Biti nne za kulia, 0010, zinachagua saa ya ndani, yaani chanzo cha mapigo yanayoiendesha chipu, ya megahezi 8. Sifuri ya kwanza kabisa kushoto inaigawanya saa hiyo kwa nane, na ndiyo sababu chipu mpya hutembea kwa megahezi 1 tu. Mkitaka 8 kamili, mnabadilisha sifuri hiyo iwe moja na kupata E2. Nilipokuwa kijana niliandika E0 badala ya E2. Tofauti ni biti moja, lakini biti hiyo iliiambia chipu iache saa yake na isubiri mapigo kutoka nje kupitia pini ya 9, ambayo sikuwa nimeiunganisha na chochote. Ikanyamaza kabisa. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kebo, nikamlaumu muuzaji.

Haikuwa imekufa, bali ilikosa mapigo. Niliyemwendea kwa msaada alichukua ATmega328P nyingine, akaiandikia fyuzi ya chini A2, inayoitoa saa ya megahezi 8 kwenye pini ya 14, akavuta waya mmoja kutoka pini hiyo hadi pini ya 9 ya chipu yangu, na kuunganisha ardhi zao. Yangu ikajibu papo hapo, tukairudishia E2.

Fyuzi ya juu inahitaji heshima zaidi. Ya kiwandani ni D9. Ukiifanya 59 umeigeuza pini ya reseti kuwa pini ya kawaida, na njia ya kuprogramu kwa waya chache imefungwa. Hapo ni lazima kifaa kinachoweza kupeleka volti 12 kwenye pini hiyo, na USBasp yako, kile kifaa cha kuprogramu cha bei nafuu, haitafaa.

Kwa PIC12F675, mikrokontrola ya familia nyingine, nitasema neno moja. Anwani ya mwisho ya kumbukumbu yake, 3FF, ina namba ya kurekebishia saa ya ndani iliyopimwa kiwandani kwa chipu hiyohiyo moja. Kufuta chipu nzima kunaiondoa. Isome na uiandike kwa kalamu kwenye kibandiko kabla ya kufuta. Na kwa mikrokontrola za STM32 zenye ngazi tatu za ulinzi wa kusomwa, ngazi ya 1 inarudi 0 kwa gharama ya kufutwa kwa programu yote. Ngazi ya 2 hairudi. Mwanafunzi asiichague kwa kujaribu.

Sogeeni mezani sasa. Soketini ipo ATmega328P mpya. Kwa kuwa inatembea kwa megahezi 1, kasi ya kuzungumza nayo haitakiwi kufikia robo ya hiyo, yaani kilohezi 250, kwa hiyo ninaiambia avrdude, programu ya kompyuta ninayotumia kuandikia chipu hizi, "-B 10", ambayo ni takriban kilohezi 100. Ninaagiza kusoma pekee. Saini, yaani namba ya utambulisho wa chipu, imekuja: 1E 95 0F. Ingekuwa 1E 95 14, soketini mngekuwa na ATmega328 isiyo na herufi P, na ningerudi kwenye orodha kubadilisha jina. Fyuzi ya chini: 62. Nani atatuandikia ubaoni biti zake?