Mzee Asiyefungua Biblia Yake

MWINJILISTI: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu. Tuko Ngamiani, Tanga mjini, na leo tunazungumzia vikundi vya watu wazima vya kujifunza Neno. Niko na Mwalimu, aliyefundisha kisomo, yaani watu wazima kusoma na kuandika, kule Muheza mpaka alipostaafu. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko mliko.

MWINJILISTI: Tuna ujumbe kutoka kwa kiongozi wa kikundi hapa hapa mjini. Anasema walianza wengi, viti vikawa havitoshi, kisha watu wakapungua. Waliotangulia kupotea ni wazee na akina mama wa sokoni. Anauliza: je, wamepoa kiroho?

MWALIMU: Asiwahukumu. Mimi ningemuuliza kwanza, mnasomaje? Maana vikundi vingi navijua. Biblia zikifunguliwa tu, kiongozi anasema, "Tusome kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, tuanzie huku." Wewe umekaa wa tano, na kusoma hujui, au ulijua zamani ukasahau. Unahesabu tu mistari inavyokukaribia. Neno lenyewe hulisikii tena. Wiki ya pili utasema umesahau miwani, wiki ya tatu huji.

MWINJILISTI: Kumbe tunawafukuza sisi wenyewe.

MWALIMU: Tunawafukuza, na mtu mzima haagi. Mtoto akishindwa darasani atalia, mama yake atakuja shuleni kuuliza kulikoni. Mtu mzima akiaibika ananyamaza. Ukikutana naye njiani anakwambia, "Nitakuja, mwinjilisti, kazi tu zimebana." Na wewe unaamini.

MWINJILISTI: Nimeambiwa hivyo mara nyingi.

MWALIMU: Ila hilo la miwani nisilipite, kwa sababu wakati mwingine ni kweli tupu. Mtu akishavuka miaka 40 macho huanza kushindwa na maandishi ya karibu, ndivyo mwili ulivyo. Na Biblia nyingi tulizonazo zina herufi ndogo. Kuna akina mama wanaoandikishwa kisomo upya, waanze a, e, i, o, u, kumbe kusoma wanajua, hawaoni tu. Apimwe macho kwanza. Na usharika ukiwa na nakala chache za maandishi makubwa, hapo umefanya huduma kubwa kuliko kununua spika nyingine.

MWINJILISTI: Mwalimu, hili linanikumbusha Katekisimu Ndogo. Martin Luther aliiandika mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika za Saksonia, Ujerumani, na kukuta waumini, na hata baadhi ya wachungaji, hawajui Amri Kumi wala Baba Yetu. Akaandika kitabu kifupi ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Wengi wao hawakujua kusoma, wakajifunza kwa kusikia na kurudia. Na kila kipande kinafuatwa na swali lile lile: maana yake ni nini?

MWALIMU: Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae. Swali. Ukisoma Matendo sura ya 8, Filipo anapomkuta yule Mkushi garini na chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya, hakuanza kuhubiri. Aliuliza kama anaelewa anachosoma. Yule bwana mkubwa, mtunza hazina wa malkia, akakiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akampandisha wakakaa pamoja. Kisha akauliza lake: nabii anamsema nani hapa? Filipo akaanzia kwenye andiko hilo hilo. Hakumwambia, "Funga hicho chuo, leo nina somo langu."

MWINJILISTI: Na sisi viongozi huwa tunakuja na somo letu.

MWALIMU: Tena la saa nzima! Watu wametoka ibadani Jumapili na mahubiri, Alhamisi unawapa mahubiri mengine na kuyaita mafunzo. Kikundi ambacho kiongozi ndiye msemaji peke yake, mimi sikiiti kikundi cha kujifunza.

MWINJILISTI: Wewe umefanya kazi hii kwa njia ya serikali. Kuna cha kuazima huko?

MWALIMU: Kipo kingi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili wakajifunza katika vikundi nchi nzima. Walikaa kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, kikasomwa kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadili yanayowahusu pale kijijini, kisha wakaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka vya mbu. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuuliza, na kuhakikisha kila mtu amesema.

MWINJILISTI: Wenzetu Wakatoliki katika jumuiya ndogondogo wana hatua saba za kulisoma Neno, zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Unamkaribisha Bwana, Neno linasomwa, kila mmoja anataja maneno yaliyomgusa, kimya, mnashirikishana, mnakubaliana kazi ya kutenda, mnamaliza kwa sala.

MWALIMU: Naipenda sana ile hatua ya maneno yaliyomgusa. Haikudai usome. Msomaji mmoja mzuri anasoma mara mbili, polepole, na mtu ambaye hajawahi kushika kalamu anataja neno alilolisikia. Na watu wa pwani wana masikio! Hapa Tanga darasa la watu wazima si jambo geni. Mwezi wa Ramadhani majirani zetu Waislamu wanaketi msikitini kusikiliza tafsiri ya Kurani, mzee na kijana pamoja.

MWINJILISTI: Na mtu huyo asiyesoma ana la kufundisha.

MWALIMU: Soma Mathayo 13, pale kwenye wavu uliotupwa baharini ukakusanya samaki wa kila namna. Mimi mtu wa Muheza, nisiyejua uvuvi, nitakuelezaje? Mwachie mvuvi wa Sahare. Atakwambia nani anachambua, samaki gani anatupwa na kwa nini, na kwamba huwezi kuchambua wavu ukiwa bado majini. Hilo la mwisho ndilo somo lenyewe, na limetoka kwake.

MWINJILISTI: Nalo lisemwe: mvuvi huyo mnamwekea kikundi saa ngapi? Wavuvi wa dagaa wanakwenda na giza. Mbalamwezi ikitoka ndipo wanapumzika. Ukipanga kila Alhamisi jioni bila kuangalia mwezi, umeshamkosa nusu ya safari.

MWALIMU: Na mama wa sokoni vivyo hivyo, jioni ndiyo saa yake ya kuuza. Waulizwe wao.

MWINJILISTI: Vikoba je? Vikundi vingi vinachanganya Neno na kukopeshana.

MWALIMU: Visichanganywe saa moja. Fedha ikiingia inakula muda wote, na mwenye deni anaanza kulikwepa Neno. Wekeni siku mbili.

MWINJILISTI: Na wale wanaotaka hasa kujifunza kusoma?

MWALIMU: Hao nawaombea nusu saa yao, kabla wengine hawajafika, mlango umeegeshwa. Anzeni na Baba Yetu. Anaijua kwa moyo tangu ubatizo, kwa hiyo maneno anayo, kinachobaki ni kuyatambua karatasini. Aweke kidole chini ya "Baba", chini ya "yetu", kisha mwambie alitafute "yetu" jingine huko chini, kwenye riziki. Akilipata, uso wake utauona. Hapo ndipo unamgawia silabi: ye, tu. Baadaye jina lake mwenyewe, ili aache kutia dole gumba kwenye karatasi za watu.

MWINJILISTI: Basi ndugu yetu aliyetuandikia afanye nini wiki hii? Awapigie simu wale wazee?

MWALIMU: Simu hapana, atajibiwa kwamba kazi zimebana. Aende nyumbani kwao, mmoja mmoja, wala asiulize kwa nini hawaji. Aseme, "Mzee, tunasoma habari za wavu, nasi hatujui uvuvi. Tunakuhitaji utueleze." Na kikundi kikikutana, zamu ya kusoma mstari mmoja mmoja isiwepo tena. Msomaji awe mmoja, na amwandae mapema.

MWINJILISTI: Na mzee akija asiseme kitu?

MWALIMU: Akae hivyo hivyo. Atasema wiki nyingine.