Kombe akishapanua bado hajaiva

SALIM: Asalamu aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Leo tunaongea bahari, na nianze na kitu kimenikaa moyoni toka wiki iliyopita. Mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi nikapita Forodhani hapa Zanzibar, vijana wanapiga makachu kama kawaida, wanaruka kutoka ukutani, na maji yote pale yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kitoto kimoja, nakadiria miaka tisa, kinaibuka kinatema maji, kinacheka, kinapanda tena ukuta. Nikasimama pale nikakosa la kusema.

MWANAISHA: Waaleikum salaam. Na hata ungemwambia, angekujibu bahari haichafuki. Si ndo tulivyolelewa sote, maji ya chumvi yanaua kila kitu.

SALIM: Kwani uongo?

MWANAISHA: Ni kweli nusu. Chumvi inasaidia, na jua linasaidia zaidi, maji yakiwa meupe na jua la mchana likipiga bakteria wa kinyesi wanakufa wengi tu. Sasa mvua ikija inaleta tope na kinyesi kwa pamoja, makaro yanafurika, vyoo vya shimo vinajaa, mitaro yote inashuka pwani, na kwenye maji ya tope jua halipenyi. Halafu virusi ni wagumu kuliko bakteria. Ndo maana nchi nyingi zinawaambia watu wasiingie baharini siku mbili mpaka tatu baada ya mvua kubwa.

SALIM: Na kupima, wanapimaje?

MWANAISHA: Unachota maji, mililita 100, unayapitisha kwenye karatasi ya chujio laini sana, ile karatasi unailaza kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unaiweka kwenye joto, kesho yake unahesabu madoa. Kila doa ni bakteria mmoja aliyezaa ukoo mzima. Baharini wanaotafutwa hasa ni enterokokasi, wanaishi matumboni mwa watu na wanyama na chumvi wanaivumilia. Wao wenyewe si lazima wakuuguze, ila ukiwaona ujue kinyesi kimepita hapo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2003 inasema ufukwe ambao vipimo vyake vya juu vinapita enterokokasi 500 kwenye hizo mililita 100, mtu akiogelea mara moja tu uwezekano wa kuumwa tumbo unazidi asilimia 10.

SALIM: Kwa hiyo majibu unayapata kesho, na maji uliyopima yameshaondoka na kupwa.

MWANAISHA: Yameshaondoka, na yule mtoto ameshayanywa. Kwa hiyo mi namwamini zaidi mtu anayetazama mvua na mtaro kuliko anayesubiri karatasi. Ila yanayoondoka ni maji, kombe na chaza, hawa wa magamba mawili tunaowaokota tukala, hawaondoki, na hapo ndo pananiuma.

SALIM: Eleza hapo taratibu.

MWANAISHA: Hawa wanakula kwa kuchuja. Chaza mkubwa anaweza kuchuja mpaka lita 5 kwa saa, maji yanaingia yanatoka na uchafu unabaki ndani yake, na sisi tunamla mzima, na utumbo wake. Kwa hiyo maji yanaweza kuonekana safi leo na kombe bado ana ya juzi. Sasa kuna kisa cha Shanghai, China, mwanzoni mwa 1988, watu karibu laki 3 waliumwa homa ya ini aina A kwa miezi michache tu. Sababu ilikuwa kombe. Na nisikilize vizuri, walikuwa wa ukoo mmoja na hawa wetu tunaookota Fumba, ndugu kabisa. Waliokotwa sehemu inayoingia maji machafu, na kule mapishi yao yalikuwa kumwagia maji ya moto mpaka gamba lipanue kidogo, basi, wanakula.

SALIM: Subhanallah. Mbona hiyo ni kama nyumbani.

MWANAISHA: Bibi yangu hivo hivo! Siku za bamvua, maji yakipwa sana, anarudi na ndoo yake, anapanga kombe kwenye sufuria na maji kidogo sana, wakianza kupanua tu, ta, ta, ta, anaepua, anasema ukizidisha wanakuwa mpira. Na kweli wanakuwa mpira. Lakini kupanua ni msuli tu umelegea, nyama ya ndani bado haijapata moto wa kutosha. Virusi wa homa ya ini wanataka nyama ifike nyuzi 90 katikati na ikae hapo dakika moja na nusu. Kwa jikoni kwetu, wakishapanua wote wachemshe tena dakika tatu mpaka tano, na asiyepanua mtupe.

SALIM: Na wale wanaosema waloweke kwenye maji safi usiku kucha, wajitapishe?

MWANAISHA: Mchanga watatoa. Ulaya wanawaweka kwenye matangi ya maji safi karibu siku mbili, bakteria wengi wanatoka, virusi wanang'ang'ania kwenye nyama. Na homa ya ini inachukua kama mwezi mmoja kujitokeza, sasa nani atakumbuka kombe aliokula mwezi uliopita? Atasema malaria, atasema uchovu.

SALIM: Mi naona pia tusiwatupie mzigo kina bibi peke yao. Wao hawakujenga karo linalovuja.

MWANAISHA: Hawakujenga! Mwanamke anainama kwenye matope kwa muda wa saa nne, jua linampiga mgongoni, anapata ndoo moja, na kinyesi kilichoingia mle kimetoka kwa mtu aliyevuta maji chooni akasahau. Nyumba zinaota karibu na ufukwe kila mwaka, na swali la kwanza linapaswa kuwa maji ya chooni yanaenda wapi. Mimi nataka lijibiwe kabla msingi haujachimbwa.

SALIM: Bibi alikubali kubadilisha mapishi?

MWANAISHA: Alikataa wiki mbili. Juzi nimekwenda, nakuta sufuria bado iko motoni na kombe wote wameshapanua, nikanyamaza. Akaniambia, usinitazame, nimeongeza nazi ndo maana nachemsha.

SALIM: Na wamekuwa mpira?

MWANAISHA: Kidogo. Tui limewasaidia.